Muziki ku masomo ya leta: mtoto wa mchimbaji naye afundishwe

Watoto wetu wanaimba kila siku: asubuhi mbele ya bendera, mangaribi ku korali, njiani wakienda kuteka maji. Lakini kujifunza muziki sawa vile wanajifunza hesabu na Kifaransa, hiyo ni wachache sana wanaoipata. Tumeangalia ginsi mambo iko Mumosho na Bukavu, wengine walifanya nini, na familia za karieri zinaweza kufanya nini bila kungoja makuta mingi.

Wimbo moja asubuhi, kiisha kimya

Kila asubuhi, mu masomo ya Mumosho sawa mu masomo yote ya Congo, watoto wanapanga mustari, bendera inapanda, na «Debout Congolais» inaimbwa. Mtoto wa kelasi ya kwanza, ambaye Kifaransa hakisikii bado, anaiimba yote kwa kichwa. Maneno yake yaliandikwa na Joseph Lutumba, na sauti ilitungwa na Simon-Pierre Boka, Mjezuiti, mwaka 1960. Mwaka 1971 iliondolewa na «La Zaïroise» ikawekwa. Mwaka 1997 ikarudi. Angalia vizuri: mtoto yule anashika kwa wimbo maneno magumu ambayo kwa kitabu yangemchukua miezi.

Lakini bendera ikiisha kupanda, mu masomo mingi muziki nayo imeisha mpaka kesho yake. Programu ya primere iko na sehemu ya sanaa, na mwalimu anapaswa kuifundisha. Shida ni kwamba mtihani wa leta wa kumaliza kelasi ya sita unauliza Kifaransa, hesabu na ujuzi wa mambo yote, hauulizi kuimba. Basi mwalimu mwenye haraka anachukua saa ya wimbo na kuiweka ku hesabu. Hatumlaumu. Wazazi wenyewe njo wanamuuliza: «Mwalimu, mutoto wangu atapita?» Hakuna mzazi anayeuliza: «Mutoto wangu anaimba sawasawa?»

Kuna pia jambo la wingi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ku artikle ya 43, inasema masomo ya primere ya leta ni ya bure. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutimiza neno hilo, na watoto waliokuwa nyumbani juu ya kukosa minervale wakaingia kelasi. Hiyo ni furaha kubwa, zaidi sana kwa baba ambaye makuta yake inategemea shimo: juma hili kunatoka kitu, juma lingine ni maji na matope tu. Lakini kelasi zilijaa, na benchi moja inabeba watoto wengi. Pale ambapo hata chaki inahesabiwa, nani atanunua ngoma?

Juu ya nini tunaizungumza kwa familia za karieri

Mzazi mmoja akisoma hapa atasema: «Sisi tunatafuta unga, nyinyi munatuletea mambo ya muziki.» Tunaelewa. Ila tuangalie siku ya mtoto wa miaka 12 ao 13.

Mu masomo mingi, saa sita ao saa saba ya mchana mtoto ameisha kutoka. Baba yuko Kamituga ao Misisi, miezi inapita. Mama yuko ku soko, ku shamba, ao anatwanga mawe. Mchana wote uko mbele ya mtoto, na hakuna mtu anayeuliza yuko wapi. Pale njo shimo linamwita. Anaanza kwa kubeba maji, kiisha anasafisha mchanga, siku moja anaonja franga zake za kwanza, na kelasi ya sita inakuwa jambo la zamani. Akipita primere, mzigo unaongezeka, juu segondere bado inalipiwa na wazazi.

Sheria iko. Ile ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inakataza kumtumikisha mtoto kazi zinazomuharibu, na Code minier nayo inakataza watoto ku machimbo. Lakini sheria haijazi mchana wa mtoto. Kinachojaza mchana ni mtu mzima mwenye kazi ya kumpa, wenzake wanaomngojea, na jambo analotaka kumaliza. Watoto wa mpira wanajua hiyo. Korali, kundi la ngoma na fanfari vinafanya kazi ile ile, tena vinapokea hata yule asiyeweza kukimbia, na binti ambaye ku kiwanja cha mpira hawamwiti.

Hatusemi muziki itafunga karieri. Tunasema mtoto ambaye siku ya tatu na ya posho ana repetisyo, na akikosa mwalimu atatuma mtu kumuuliza, yuko na kamba moja zaidi inayomfunga ku masomo.

Kivu haianzi bila kitu

Tusifikiri muziki ni kitu cha kuletwa na ndege. Bashi wana lulanga, ile nanga ya mti iliyochimbwa sawa mtumbwi mdogo, na nyuzi zinapita juu yake. Mwenye kuipiga anaimba akisimulia mambo ya watu. Wana ngoma, wana filimbi, na likembe ilipokelewa hapa ikawa ya nyumbani. Mwaka 1955 mtaalamu wa Marekani, Alan Merriam, alichapisha makala nzima juu ya vyombo vya muziki vya Bashi na ginsi vinapigwa. Wageni walikuja kusoma kwetu, na sisi hatujaviingiza mu kelasi zetu!

Merriam yule yule aliandika habari moja ambayo kila mchimbaji ataelewa. Alikuwa hapa miaka ya mwanzo ya 1950. Pembeni ya Ziwa Kivu, ku shamba la kahawa la mzungu, wasichana wa Bashi waliokuwa wakitumika pale walikuwa wanapewa chumvi na mafuta juu ya mshahara. Siku moja bwana wa shamba akakata ile posho. Kumwambia uso kwa uso ilikuwa hatari. Basi wakaimba. Wakisimama mbele yake, mu wimbo wakauliza mafuta na chumvi vimeenda wapi, na wakaonya kwamba kazi nayo inaweza kuachwa. Ujumbe ulikuwa ndani. Merriam alifundisha kutoka pale kwamba watu wanaweza kusema kwa wimbo neno ambalo kwa mdomo mtupu haliwezi kutoka.

Mwenye kutumika chini ya mkubwa wa shimo anajua thamani ya hiyo. Mtoto anayejifunza kutunga wimbo anajifunza kupanga neno lake, kulipima, na kulitoa mbele ya watu bila kutetemeka.

Masomo ya Kamina yalisikika dunia nzima

Kuna watu wanaosema muziki ya masomo ni mchezo wa watoto. Wafikiri Kamina. Mji ule wa reli, upande wa Katanga, ulikuwa na padri wa Ubeleji, Guido Haazen, Mfransisko, aliyekusanya watoto wa masomo wa miaka 9 mpaka 14 pamoja na walimu wao. Kundi lao liliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Hakuwafundisha nyimbo za Ulaya tu: walichukua sauti za Waluba na za watu wengine wa Congo, nyimbo za kuagana, za kazi, za ndoa, na wakaziweka ndani ya misa ya Kilatini. Ikatoka «Missa Luba». Mwaka 1958 wakaenda Ulaya kuimba, mu mwaka ule wa maonyesho makubwa ya Bruxelles, na diski yao ikauzwa dunia nzima. Miaka kumi kiisha, sauti zile zikasikika hata ndani ya filimu ya Uingereza. Walioimba ni wanafunzi wa masomo na walimu wao.

Mu Elisabethville, mji wa Union Minière, Joseph Kiwele, mtoto wa Mpala pembeni ya Tanganyika, alifundisha muziki na kutunga misa na nyimbo kubwa za korali mpaka akafa mwaka 1961. Kabla ya kufa alikuwa minisita wa elimu wa Katanga. Na mu miji ile ile ya shaba, Mwenda Jean Bosco alipiga gitari kwa vidole ginsi ambayo wapiga gitari wa nchi nyingine mpaka leo wanajaribu kuiga. Hugh Tracey alimrekodi Jadotville mwaka 1952. Miji ya migodi haijakosa muziki hata siku moja. Kilichokosekana ni njia ya kumfikisha kila mtoto.

Violini ya waya wa kinga

Tuje Kinshasa. Mwaka 1994 Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, aliyekuwa pilote wa ndege, alianzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Watu wake hawakuwa wametoka ku konservatware. Walikuwa watu wa kazi za kila siku: wauzaji, makanika, watu wa saluni. Violini zilikuwa chache, watu wakapokezana: huyu anajifunza, mwingine anangoja zamu. Nyuzi zikikatika, walitia waya wa freni ya kinga. Polepole wakafika kupiga Beethoven na Verdi, na mwaka 2010 filimu «Kinshasa Symphony» ikawaonyesha kwa dunia.

Sisi hatuombi Mumosho ipige Beethoven. Tunataka kila mtu aone ginsi walivyoanza: hawakungoja vyombo vitimie. Walichukua kanisa lililokuwapo, watu waliokuwapo na waya uliokuwapo, wakaweka siku na saa ya repetisyo. Na hawakuiacha.

Karibu zaidi: Panzi

Hapa karibu, ku Panzi, muziki iliingia mu hospitali. Tangu 2015 Fondation Panzi ya Docteur Denis Mukwege, pamoja na shirika la Kanada Make Music Matter, wanafanya programu inayoitwa Healing in Harmony. Wanawake na wasichana waliotendewa mabaya ya vita wanakaa pamoja na mtaalamu wa mambo ya roho na mtu wa studio. Wanatunga nyimbo zao wenyewe, wanazirekodi, na kiisha zinasikika mbele ya watu. Kazi ile ilifika pia Mulamba, mu teritware ya Walungu, na uchunguzi uliofanywa juu yake ulikuta wasiwasi na huzuni vikipungua kwa wanawake walioshiriki.

Ile ni matibabu, inaongozwa na watu waliosomea, na mwalimu wa kelasi asijaribu kuifanya peke yake. Lakini inatufundisha kitu: watoto wetu wengi wamesikia risasi, wamekimbia usiku, wamepoteza mtu mu shimo lililoanguka. Kuimba pamoja haiponyeshi vyote. Inampa mtoto pahali pa kutoa sauti, na mwalimu mwenye macho ataona ni mtoto gani amenyamaza kupita kiasi, na atamwelekeza ku wenye kuweza kumsaidia.

Majirani wamefanya nini

Goma kuna Foyer Culturel, kule vijana wanajifunza muziki, ngoma za miguu na teatre, na kutoka upande ule Festival Amani ilianza Februari 2014, wakati vita ya M23 ya mara ya kwanza ilikuwa imeisha kidogo tu.

Ngambo ya mpaka, Rwanda ilifungua mwaka 2014 chuo cha muziki Nyundo, karibu na Goma, kiisha kikahamishwa Muhanga. Ni chuo cha leta, cha segondere: mtoto anasoma muziki sawa vile mwingine anasoma umeme ao ujenzi, na wengi wanaosikika leo ku radio za kule walipita pale.

Nairobi, mu mtaa wa Korogocho, pembeni ya jalala kubwa la Dandora, Elizabeth Njoroge alianzisha mwaka 2008 Ghetto Classics. Walitumia kiwanja cha parokia, wakafundisha watoto wa mtaa violini na tarumbeta. Tena Kenya ina shindano la muziki la masomo lililoanza mwaka 1927: kelasi za kijijini zinaimba mbele ya wakaguzi, washindi wanapanda mpaka ngazi ya taifa. Mwalimu kule hawezi kuacha wimbo bila mtu kumuuliza, juu masomo ya jirani yanajitayarisha.

Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, tangu 2002, wanakofundisha taarab, udi, kanuni na ngoma za kwao. Wameonyesha kwamba muziki ya babu inaweza kufundishwa mu kelasi, na karatasi na mtihani, bila kuharibika.

Na ng'ambo ya bahari, wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa na fanfari zao. Ile ya Grimethorpe ilianza mwaka 1917. Ku migodi mingi ya kule, wachimbaji walikubali kidogo ikatwe ku mshahara wa kila juma kusudi fanfari ya mgodi iishi. Baba anashuka chini ya udongo, mangaribi anashika tarumbeta, na mtoto anajifunza pembeni yake. Oktoba 1992 watu wa Grimethorpe waliambiwa mgodi utafungwa. Siku chache kiisha fanfari yao ikashinda shindano la taifa mu London. Mgodi ulifungwa 1993. Fanfari iko mpaka leo.

Tuseme wazi: madini inaisha. Kila mchimbaji anajua shimo alilolisifu jana, leo ni bwawa la vyura. Kile ambacho watu walikijenga pamoja kwa franga za madini njo kinaweza kubaki.

Mumosho inaweza kuanza wapi

Hapa tunaweka maneno ya kazi. Siyo lazima yote ifanyike mwezi moja.

Kwanza, saa moja kila juma, na isihamishwe. Direkteri na komite ya wazazi waandike siku na saa ku ukuta. Kundi linaloimba «tukipata nafasi» halifiki Pasaka.

Pili, mtu wa kufundisha. Kijiji chetu kina watu wanaojua: wakubwa wa korali za Katoliki na za Protestanti, wapiga gitari, wamama wenye kujua nyimbo za arusi na za kilio. Direkteri amwite mtu mmoja, akubaliane naye mbele ya komite, na mwalimu wa kelasi ao mzazi mmoja awe pale kila mara. Sheria hii ya mtu mzima wa pili isilegezwe, hasa kama mabinti wako ndani.

Tatu, waanze na mwili. Sauti na mikono havinunuliwi. Kelasi igawanyike mara mbili: upande moja unapiga mikono polepole, upande mwingine mara mbili haraka, kiisha wabadilishane. Mama watatu wakitwanga mu kinu kimoja, michi haigongani, juu kila mtu anajua wakati wake. Ile ni somo la ritme, na watoto wa mama twangeuse wanaijua kabla ya kuzaliwa! Kiisha waingie do-re-mi kwa mkono: do ku kiuno, mi ku kifua, sol ku bega, do ya juu ku kichwa. Mwalimu anapandisha na kushusha mkono bila kusema neno, watoto wanafuata kwa sauti. Wakizoea, kelasi nusu ianze wimbo, nusu ingine iingie nyuma. Wakifika mwisho bila kupotezana, wamejifunza kusikiliza mwenzao, na hiyo ni ngumu kuliko kuimba kwa nguvu.

Ine, vyombo vya nyumbani. Ngozi ya mbuzi na mti vinatoa ngoma. Vyuma vya gurudumu la kinga vikipondwa vinakuwa ndimi za likembe. Chupa zikitiwa maji kwa kipimo mbalimbali zinatoa do mpaka sol, na hapo mwalimu wa siyansi anaweza kueleza juu ya nini chupa yenye maji mengi, ukiigonga, inatoa sauti ya chini. Mwanamugambo wa bidon na waya ni gitari ya kwanza ya vijana wengi. Klavye ije mwisho kabisa: kiwanda cha umeme cha Ruzizi II kiko hapa hapa Mumosho, lakini siyo kila kelasi iko na kura.

Tano, wazee. Mtoto apewe kazi ya nyumbani: amuulize bibi ao babu wimbo mmoja wa zamani, aandike maneno mu kaye, kwa Mashi na kwa Kiswahili, na aeleze uliimbwa wakati gani. Anajifunza kuandika, anajifunza historia, na bibi ambaye hakusoma anakuwa mwalimu. Tukingoja, nyimbo zile zitazikwa na wenyewe.

Sita, makuta. Isiwe mzigo mpya ku mzazi, juu primere ni ya bure na ibaki bure: mtoto asifukuzwe ku muziki sababu ya franga. Lakini kooperative ya wachimbaji, wanegosia na wakubwa wa mashimo wanaweza kutoa ngoma moja, gitari moja, ao mbao za kutengeneza. Kinachoingia kiandikwe, na kisomwe kwa sauti mbele ya wazazi. Pale ambapo sosiete kubwa inachimba na kulipa, Code minier ya 2018 inasema ku redevance, 15 kwa mia inaenda ku entite ya mahali, sawa sheferi ao sekteri. Wananchi wana ruhusa ya kuuliza inafanya nini, na masomo ni jibu moja zuri.

Nyimbo italisha mtoto?

Hili ni swali la haki, na jibu lisiwe la uongo. Wengi wa watoto watakaojifunza hawatakuwa Fally Ipupa. Wachache watakula kwa muziki. Mzazi asiuze mbuzi akifikiri mtoto wake atalipa kwa diski.

Lakini milango iko. Mwenye diplome d'État anaweza kujaribu Institut National des Arts, mu Kinshasa, inayofundisha muziki na teatre. Anayesoma pedagojia na anajua kuongoza wimbo, anakuwa mwalimu wa primere anayetafutwa. Makanisa, arusi na matanga vinahitaji wapigaji. Radio na studio za Bukavu zinahitaji watu wa kupanga sauti. Kutengeneza gitari, ngoma na baffle ni kazi ya mikono, na kijana anayeijua hakosi mteja. Na mwenye kutunga ajue haki yake: SOCODA njo inashughulika na haki za watungaji mu inchi yetu, na wimbo wa mtu hauchukuliwi bure bure. Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Congo mu mali ya dunia. Mali ile haina maana kama mtoto wa Congo hafundishwi namna inatengenezwa.

Kuna pia angalisho. Ku karieri muziki inapigwa usiku, mu nganda, na mtu anaweza kuja akisema: «Binti huyu ana sauti, muache aende na mimi, ataimba, atapata makuta.» Mzazi akatae. Vilevile mtu mwenye kuahidi safari ya Ulaya kwa kundi la kuimba, na anaomba makuta ya paspoti mbele: apelekwe kwa direkteri, kwa shefu na kwa wakubwa wa leta, aonyeshe karatasi zake. Mtoto asitoke mu kijiji juu ya muziki bila barua ya masomo na mzazi mmoja pembeni. Na noti za kelasi ziangaliwe: ikiwa repetisyo inakula hesabu, wapunguze saa, wasimtoe mtoto.

Neno la mwisho kwa wazazi

Tunajua kuna baba atakayesoma hii akiwa mbali, ku shimo, na gazeti limefika likiwa limekunjwa na kuchakaa. Tunamwomba jambo moja dogo: akipiga simu nyumbani, asiulize tu kama watoto wamekula. Aulize leo wameimba nini ku masomo. Kama jibu ni «tuliimba bendera tu», basi mama aende nalo ku mkutano wa komite ya wazazi, ainue mkono, na aulize: saa ya wimbo iliyo mu programu ya watoto wetu inaenda wapi, na nani hapa kijijini anaweza kuifundisha?

Swali hilo halilipiwi. Wakiuliza wazazi kumi, direkteri atatafuta saa. Saa ikipatikana, mtu wa kufundisha atapatikana, juu Mumosho haikosi watu wa kuimba. Ngoma itakuja nyuma.